Ndoo ya Nane

Viti mia na ishirini nimevipanga mimi,
vya chuma, ukivikunjua vinalia kama bata waliokanyagwa,
katika ukumbi wa michezo wa shule ya Tabor Creek,
mji wa ghala moja la mahindi, benki moja,
na makanisa matano yasiyosalimiana.
Ni Februari. Nje theluji imegeuka jiwe.
Ndani bomba la joto linagonga, ko, ko, ko,
kama mtu aliyenyimwa zamu ya kusema.

Mimi ndiye mwenye funguo. Kwenye meza ya bodi sina kiti.
Lakini paa hili nalijua lilivyo:
linavuja juu ya darasa la pili,
juu ya maktaba, kwenye rafu ya wanyama,
juu ya ngazi, juu ya piano.
Ndoo saba.
Haba na haba hujaza kibaba, husema watu;
hapa hujaza ndoo,
na anayemwaga ni mimi.

Marlys Kucera, mwenyekiti, akafunua michoro:
dola milioni kumi na nne.
Madarasa, maabara, lifti,
na uwanja wa mpira wenye taa na nyasi za plastiki.
Angeishia kwenye lifti, nadhani, tungelala mapema.
"Za plastiki!" mtu akafoka nyuma.
"Mji mzima unaishi kwa kinachoota,
nanyi mnataka kununua kisichoota!"
Wakacheka hata waliokuwa upande wake.

Ndipo akainuka Delbert Hruska, kofia mkononi.
"Ninazo eka elfu na mia mbili, na kodi hupimwa kwa eka.
Kwenye karatasi mimi tajiri.
Mahindi ya mwaka huu hayalipi hata mbolea.
Kila mkinyoosha mkono kusema ndiyo,
mkono huo unashukia mfukoni mwangu.
Wajukuu wangu wako Denver.
Niambieni, namjengea nani?"
Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Akafuata mama wa kiwanda cha nyama, Eulalia,
aliyetoka Guatemala, asiye na kura.
Binti yake wa miaka tisa akawa ulimi wake:
"Mama anauliza, hizo ndoo
zitaondolewa lini?"
Marlys akatazama karatasi zake.
Mtu akakohoa.
"Anayefuata," akasema katibu.

Nyumbani mke wangu Arlene
alikuwa amechomeka bango la HAPANA kwenye theluji.
Mwezi mzima nimekula chakula cha jioni
nikilitazama dirishani, herufi zikiwa kinyume.
Hatukugombana. Tulipeana chumvi
kwa adabu, kama wageni hotelini.

Machi tukapiga kura, humo humo ukumbini.
Nilifunga mapazia ya vibanda, nikapiga deki matope ya viatu vyao,
zamu yangu ikafika nikaingia, nikatoka.
Msiniulize. Arlene pia hakuniuliza.
Ndiyo, mia nne na moja.
Hapana, mia nne kumi na mbili.
Moja iliharibika: mwenyewe ameandika kwa penseli
TENGENEZENI PAA TU,
na hesabu haina safu ya maneno hayo.

Asubuhi yake mvua, ya kwanza tangu vuli.
Naingia na funguo, namkuta Delbert mlangoni,
maji yakimchuruzika ukingoni mwa kofia,
mkononi ndoo ya bati, ya kukamulia ng'ombe,
nzito, nzuri kuliko zangu zote.
"Niliona jana," akasema, "pale karibu na saa ya ukutani.
Mmekosa moja."

Sikujua kama ananikejeli au ananisaidia.
Sidhani naye alijua.
Tukaenda tukaiweka.
Tukasimama, wazee wawili na mikono mitupu,
tukisikiliza tone la kwanza
likiligonga bati.
"Dawati langu lilikuwa hapa," akasema,
kisha akatazama saa, ambayo haitembei,
akaondoka.