Kitunda cha Pembeni

Kabugho, funga kwanza hilo daftari.
Najua umekesha ukinakili,
wino wa bluu kwa weupe, mwekundu kwa weusi,
na majina ya nchi ambazo mimi nawe hatujazikanyaga:
Ufunguzi wa Kiitalia, wa Kihispania, Ulinzi wa Kisisilia.
Mwandiko wako mzuri.
Lifunge.

Nami nilikuwa nalo, la kurasa tisini na sita,
miaka ile baba akilinda usiku hapa Kilembe
mashine za shaba zisizozunguka tena.
Nilikariri hatua kumi na nane za Kisisilia
kama katekisimu, bila kuuliza,
nikapanda lori la mchanga hadi Kasese,
shati limepigwa pasi ya mkaa.
Nilipangiwa fundi baiskeli mmoja, Mbusa,
vidole vyeusi kwa grisi.
Hatua ya tatu akasukuma kitunda cha pembeni.
Cha pembeni!
Daftari langu halikuwa na ukurasa huo.
Nikakaa. Saa ikanila dakika kumi na moja.
Nilikuwa nimekariri njia
bila kujua inakwenda wapi,
na msafiri wa namna hiyo
akikuta mti umeanguka hurudi kwao.

Haya, ubao. Farasi wako mmoja ni kifuniko cha soda;
mwenzake aliondoka na Nyamwamba
mto uliposhuka na mawe yake ukaingia hata kabatini mwa shule.
Usijali. Kifuniko nacho huruka.

Sukuma kitunda cha mbele ya mfalme, nyumba mbili.
Usiniambie kinaitwaje. Niambie kimefanya nini.
"Kimefungua mlango."
Wa nani?
"Wa askofu... na wa malkia."
Na kingine? Unajikuna kwa kalamu.
Kimekaa katikati, mwanangu.
Aliye katikati ya soko husikia bei za pande zote.

Sasa farasi, na si ukutani.
Ukutani anaona nyumba nne, pengine tatu;
karibu na kati anaona nane.
Hesabu mwenyewe, usiniamini mimi.

Malkia mwache. Naona mkono unakuwasha.
Jumamosi Bwambale alimtoa hatua ya pili,
akatisha watu kidogo,
kisha akaanza kukimbizwa, na kila aliyemkimbiza
alipata kiti kizuri bila kulipia.

Na mfalme umwingize ndani mapema.
Mvua ikinguruma kule juu Rwenzori
hatungoji kuona rangi ya maji
ndipo tupandishe watoto kilimani.

Ni hayo tu. Majina yatakuja.
Utapigwa mlango huohuo mara ishirini,
utaudhika, utafungua kitabu
uone wenzako waliupitaje,
na humo utamkuta Mwitaliano, ucheke:
kumbe ni huyu tuliyekuwa tukiishi naye!
Lakini kitabu kije baada ya kipigo.
Kikitangulia, kinakuwa wimbo wa lugha usiyoijua.

Cheza basi. Mimi weusi.
Kitunda kwa kitunda.
Wewe farasi, yule wa soda. Mimi nakilinda changu kwa kingine.
Hatua ya tatu unafikiri, ulimi nje,
halafu unasukuma kitunda cha pembeni.

Kwa nini hicho?
Nimeuliza kwa ukali kuliko nilivyotaka.
Hushtuki. Unaweka kidole kwenye nyumba tupu.
"Askofu wako alitaka kukaa hapa, ambane farasi wangu.
Nimemwekea jiwe."

Mvua imeanza juu ya mabati.
Mezani hatuna saa, ila naisikia.
Miaka ishirini na sita, Mbusa,
na kumbe ningekuuliza tu.