Futikamba

Julai. Baridi imepenya hadi ndani ya droo.
Naivuta ya kumi na saba, inalalama chuma kwa chuma,
na hao wawili, wamelazwa kwenye pamba:
mafuvu ya plasta, nakala za paka wa ng'ambo
asiyekanyaga udongo wetu. Tunamwita jagwa tu,
chui mwenye nukta ndani ya madoa.

Mshahara wangu ni wa kupima.
Toka pua hadi kisogo, shavu hadi shavu,
urefu wa chonge. Naandika kwa penseli,
kalamu hugoma asubuhi kama hizi.

Huyu mdogo ni wa msituni, kulikosongamana miti
hata jua huingia kwa kuomba njia.
Alikula alichookota: kakakuona, kima, ndege aliyesinzia.
Kilo hamsini, tuseme hamsini na tano
akiwa ameshiba na kulowa mvua.
Huyu mwingine ni wa mbuga inayofurika,
mla mamba, mla ndama wa watu,
na panya wa majini mwenye ukubwa wa mbuzi.
Mia moja na ushei. Mara mbili ya ndugu yake,
na kibandiko kina jina lile lile la Kilatini.

"Jike na dume," anasema Ongubo wa meza ya pili,
bila kuinua macho kwenye chai.
Nageuza vibandiko. Madume, wote wawili.
Ongubo anakoroga sukari.

Mama alikuwa na cherehani Kariobangi,
ubavuni mwa kinu cha posho, unga ukitua kwenye nguo nyeusi.
Januari, foleni ya sare. Darasa la tano,
miaka kumi na mmoja wote, na hakuna vimo viwili vilivyolingana.
Hakuuliza umri. Aliuliza, "Mnakaa wapi?"
akaanza kukata, futikamba ingali shingoni.
Korogocho. Buruburu. Dandora karibu na jaa.
Nilimwona akikosea mara moja tu,
na mtoto huyo alikuwa amehamia juzi.

Wa Buruburu aliwaachia upindo wa vidole viwili.
Wa Korogocho, vinne.
"Huyu," alisema, pini midomoni, "bado anaudai mwili wake."

Tulizaliwa pacha, mimi na Syombua.
Yeye alipelekwa kwa shangazi Kitale, penye maziwa
na ghala la mahindi lisilofungwa kufuli.
Mimi nikabaki na cherehani.
Aliporudi, tukiwa na miaka kumi na mitano,
utosi wangu ulimfika begani.
Majirani waliuliza yupi mkubwa.
Mama alitusimamisha mgongo kwa mgongo,
akaivua futikamba,
akaikunja tena bila kupima.
Siku hiyo hakushona.

Jana wameleta chui ndani ya gunia,
kagongwa na lori barabara ya Ngong, alfajiri.
Chui wetu huyu, wa hapa hapa. Mnono.
Amemshinda wa Samburu, kwenye daftari la droo ya tisa,
kwa kilo kumi na mbili.
Tumboni mwake, mkanda wa shingo wa mbwa wa Karen,
wa ngozi, wenye nambari ya simu.
Ongubo alicheka hadi akatafuta kiti.
Mimi niliinakili ile nambari. Sijapiga.

Nawapima jagwa mara ya tatu. Milimita ni zile zile.
Mfupa hauna upindo wa kufumua.
Namrudisha mkubwa, anajaa upande wake, pembe hadi pembe.
Namlaza mdogo, nazungushia pamba,
na kabla ya kusukuma droo
namwachia nafasi pembeni,
vidole vinne.