Fundi Viatu, Barabara ya Kumi na Nne

Alikuja Jumatatu, mvua ya vuli imejaza mitaro ya Ngamiani,
kitabu kwapani, kimefungwa khanga ya mkewe
kama mtoto anayepelekwa sindano.
"Fundi, kivishe."
Nikamwambia mimi nashona makubazi, bwana,
vitabu wapelekee wenye mashine.
Akacheka Shemhilu, karani wa zamani wa bohari ya mkonge:
"Shairi lina miguu yake, litafika.
Aliyelitunga ndiye aliyebaki peku."

Basi nikajifunza.
Ngozi ya mbuzi kutoka Pongwe, niliiparua kwa kigae
mpaka ikalainika kama ndewe la sikio.
Gundi ya wanga wa muhogo,
na chembe ya mruturutu kuwatia mende adabu.
Uzi wa mkonge aliukataa:
"Nimeuhesabu miaka thelathini, usinifuate mpaka kabatini."
Herufi za dhahabu nilizipiga mgongoni kwa moto wa mshumaa,
moja moja, ulimi nje,
mtu mzima darasa la kwanza.

Hakukusanya mashairi. Alikusanya maisha ya waliotunga:
nani alikopa sukari, nani aliachika mara tatu,
nani aliugua kifua akaandika ubeti nyuma ya cheti cha dawa.
Ishirini na saba, rangi ya tende, wamepangwa bega kwa bega,
na paa likivuja pembe ileile.
Bi. Namkunda alinisimamisha sokoni:
"Maiti wa watu umewavika ngozi, fundi,
mimi nalala na beseni la matone."
Sikuwa na jibu. Nilimpunguzia bei ya kandambili.

Kisha akaleta kimoja, mchwa wamekula nyuma.
Mshairi yuko hospitali, ameomba maji,
hapo karatasi imekwisha.
Nikauliza, tusitafute nakala nyingine, tujue mwisho?
Alikaa kwenye kigoda cha wateja,
akipitisha kidole kwenye ukingo ule uliotafunwa,
mpaka adhana ikaanza na kwisha.
"Shona hivyohivyo. Huyu hajafa."

Wanawe walikuja na pikapu baada ya arobaini.
Mkubwa alipapasa majalada, hakufungua hata moja.
"Fundi, ngozi hii inatoa pochi ngapi?"
Nikasema sijui.
Nilijua. Mbili kila kitabu, na mkanda wa saa.

Kile cha mchwa hawakukiona. Kilikuwa kwangu,
chini ya jiwe la kukandamizia.
Deni lake, elfu nne, liko ukutani kwa chaki,
watu wananiambia paka chokaa, fundi, ukuta umechakaa,
nami nasema kesho.

Nakisoma kwa kidole, tangu utoto wake,
ukurasa mmoja kila gundi inapokauka.
Hospitali bado ni mbali.
Jana nimefika pale anaponunuliwa viatu vya kwanza.
Vinambana.