Pete Ndani ya Chemba

Tatu zinatoka, ya nne inakwama.
Ganda limesimama wima mlangoni
kama dohani juu ya paa.

Ni Februari, nje kidogo ya Canora,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
nami niko chumba cha chini ya nyumba, mezani pa baba,
na bunduki yake ndogo, ishirini na mbili,
ile ya kindi wa ardhini wanaotoboa malisho.
Aliniachia hiyo, na trekta isiyo na breki,
na mama, anayelala kitini juu ya kichwa changu.

Natoa kasha. Nachungulia chemba. Naingiza kidole: tupu.
Hatua hii siiruki, hata sasa ambapo hayupo wa kunikaripia.

Orest kapiga simu kutoka Regina: uza.
Jirani yetu Lloyd Fehr akasema ni risasi,
hizo za bei chee hazina nguvu ya kurudisha bolti.
Nikanunua za kasi. Ikakwama ya tano.
Maendeleo ya risasi moja, kwa dola kumi na nne.
Mama wa dukani akasema ni kasha, midomo imepanuka.
Nikaazima jipya. Ya nne tena.

Badili kitu kimoja, baba alikuwa akisema,
piga kumi, andika.
Ukibadili viwili ukapona, utamshukuru nani?
Basi naandika, nyuma ya kalenda ya kampuni ya mbegu,
kwa penseli, maana wino umeganda.

Bolti nimeifungua. Mafuta yamelala humo kama uji wa jana:
alipaka kama anayempaka mtoto mchanga.
Nikaosha kwa spiriti, nikakausha, nikaacha tone moja.
Sasa inakimbia, inalia chaka-chaka kama mkasi wa kinyozi.
Ya sita ikakwama.
Pini inagonga vizuri, alama ukingoni ni ya kina.
Kikucha kikali; kimenikata gumba kunithibitishia.
Springi nzima.
Nikakaa. Nikamtukana marehemu, polepole, kwa Kiukraini,
kwa kuweka kitu kisichofaa miaka yote hii.

Kisha nikaokota ganda lililokwama, nikaligeuza chini ya taa.
Karibu na mdomo, mkwaruzo. Duara kamili.
Nikachukua ganda jingine: lina duara.
Nikamulika chemba kwa tochi
na hapo ndipo nilipoiona, pete ya masizi,
nyeusi, ngumu, ukoko ulioshika chungu.

Pete hii huachwa na risasi fupi.
Lakini fupi hazina nguvu ya kuizungusha bunduki hii,
utazilisha moja moja kwa mkono,
utavuta bolti mwenyewe, kila mara.
Nani angejitesa hivyo?

Mama alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku,
miaka kumi na tisa.
Mchana alilala, blanketi limepigiliwa dirishani.
Na fupi husema kwa sauti ya chini.

Mimi nilidhani alikuwa mzembe.

Niliishika brashi ya shaba muda mrefu
kabla ya kuiingiza.
Kitambaa kikatoka cheusi, kisha kijivu,
kisha rangi ya chai ya maziwa.
Sikukitupa. Kipo kwenye kopo la misumari.

Nje, nyuma ya banda, nikapiga kumi.
Maganda kumi yakatoboa theluji, kila moja na kishimo chake,
moshi mdogo ukitoka.
Nikavua glavu ili niandike: kumi kati ya kumi.

Dirisha likafunguliwa kwa kishindo.
“Darka! Baba yako hakunipigia makelele hivi hata siku moja!”

Nikaomba radhi.
Akabaki pale, baridi yote ile ikimwingilia,
akitazama banda, si mimi.
Halafu, kwa kuwa ameshaamka,
akauliza kama nataka chai.