Mkasi wa Dakta Shemboko

Kalichora tumbo langu
nyuma ya bahasha ya eksirei:
"Hapa nakata. Hili kubwa natupa,
linabaki jembamba, kama ndizi."
Kalamu haikusita.

Nikamwambia mimi fundi cherehani,
Ngamiani, barabara ya kumi na mbili;
Tanga nzima wananijua kwa marinda.
Nguo iliyopindwa hufumuliwa,
iliyokatwa imekatwa.
Tena kiungulia kinaniamsha saa tisa,
nalala nimeketi kama abiria.
Nataka ile ya kuchepusha njia,
tumbo langu libaki ndani, hata likikosa kazi.

"Bi Mwanahija, hiyo ndefu. Ina maungio mawili.
Utameza vidonge mpaka kaburini."
"Vya presha nameza tangu mwaka wa mafuriko."

Akacheka. Sikucheka.
Nikamuuliza ambalo hakuzoea kuulizwa:
"Hiyo ya ndizi, umefanya ngapi?"
"Mia na arobaini."
"Na yangu?"
Feni ikazunguka, ikazunguka.
"Nne."

Hapo nikamwelewa, na kumwelewa kukaniudhi zaidi:
mimi pia, mteja akija na picha ya mshono nisioujua,
humwambia, mwanangu, huu hautakukaa,
nikamshonea dera.

Nimerudi na bahasha yangu.
Usiku nimejipima. Futi ya inchi sitini
inanizunguka, halafu ncha zinatazamana,
zimekosana vidole vinne.

Jumatatu namrudia na swali moja:
zile nne, dakta,
nani alikuwa kando yako
akikuonyesha pa kupitisha sindano?