Jina la Saba

Mimi ndiye ninayeandika. Nabintu, meza ya kushoto,
karibu na dirisha lisilofungika vizuri.
Mikono ikiinuka, nahesabu. Ikishuka, naandika.
Mwaka wa nne huu, wino wa buluu,
na Mheshimiwa Birhashwa ni jina la saba katika orodha.

Mwezi wa tatu, mwaka wa kwanza: azimio la kupanda miti
juu ya makorongo ya Kadutu. Ndiyo.
Aliinua mkono hadi koti likapanda kwapani.
Makofi. Picha.
Mwezi wa sita fedha za miche zikaletwa mezani,
nami nikaandika nilichoona: Hayupo.
Kitini palikuwa na koti lake. Koti halipigi kura.

Mwezi wa kumi, malori ya makala yazuiwe kutoka msituni.
Hapana.
Akasimama, akauliza, "Mama zetu watapikia nini?
Watapikia tabianchi?"
Ukumbi ukacheka. Nikacheka na mimi
(kicheko hakina safu yake, sikukiandika)
na jioni, nikipanda kwetu, nikanunua kopo la makala
kwa Mama Cibalonza, vipande vya mti
ambao babu alinifundisha jina lake, nikalisahau.
Sijitoi hesabuni.

Halafu chupa. Zile zinazoelea ziwani polepole
kama wasafiri wasio na haraka, hadi Ruzizi,
zikasongamana kooni mwa mtambo,
na mji mzima ukala sambaza gizani.
Kodi ndogo tu, kwa wanaouza maji ya chupa.
Alijizuia.
Mbele yake zilikuwa chupa mbili, moja haijafunguliwa.

Kisha mvua ya usiku ule.
Mlima uliachia mkono. Nyumba kumi na moja za mtaa wetu,
choo cha shule, ngazi za mawe.
Mzee Mushagalusa tulimkuta amekumbatia redio.
Mheshimiwa akaja na buti mpya na magunia ya unga,
akalia. Hili naliandika pembeni, si daftarini:
alilia kweli. Mama yake aliuza ndizi pale pale,
kwenye ngazi ambazo sasa hazina juu wala chini.

Jana jioni, uchaguzi ukianza kunukia,
alifika ofisini bila dereva.
Akavuta kiti. Akaniita dada.
Akaulizia watoto, akakosea idadi.
"Ile ya mwezi wa sita," akasema,
"sikukosa kuja. Nilikuwa koridoni, na simu sikioni.
Aliye koridoni si yupo?
Na ile ya makala, hapana na kujizuia
si watoto wa tumbo moja? Mstari mmoja tu, dada.
Wino ni wako."

Nikautazama mkono wake juu ya meza.
Ule ule. Kwenye kidole gumba lipo kovu la panga;
sisi tuliokulia mlimani, kila mmoja ana lake,
tulikuwa tukitumwa kuni kabla ya kujua kusoma.
Nikafikiria kumkatalia kwa maneno makubwa.
Sikuwa nayo. Nina mshahara wa miezi miwili nje,
na yeye anajua.

Nikamfungulia ukurasa.
Nikamwambia, soma wewe, kwa sauti.
Akasoma tarehe. Akasoma majina sita, taratibu,
kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.
Alipofika la saba, umeme ukakatika.
Chupa, labda. Au deni.

Tukakaa wawili, daftari katikati,
na juu yetu mabati yakaanza:
tone, tone,
kisha yote kwa pamoja.
"Inanyesha," akasema.
Nikapapasa meza, nikaipata kalamu,
nikaandika saa.