Mkono Juu

Kofia ngumu hupimwa hivi:
unafunga kamba, unamwambia mtoto atikise kichwa
kama anayekataa dawa.
Ikicheza, ivue.
Ya Twilumba ilicheza. Nikaongeza sponji. Ikacheza.
Miaka saba; shingo bado bua la mahindi la Januari.

Baba yake, Mgaya wa kiwanda cha mbao,
kamuundia kigari kwa injini ya pampu ya maji,
kiti ni ndoo iliyokatwa, mkanda wa lori bovu.
Mafinga nzima inakisikia kikikohoa.
"Shemeji, huyu hana woga, ni damu yangu."
Asiye na woga, namjibu, simpi usukani.

Mwezi mzima hatukuwasha injini.
Tulikisukuma tu kwenye maranda,
yeye kafumba macho, mimi nauliza:
Breki iko wapi?
Mguu unatafuta. Mguu unakosa.
Iko wapi?
Tukaigongomea pedali kipande cha msindano
hadi unyayo ukafika.

Kitambaa chekundu?
"Nasimama, hata kama naongoza."
Mkono juu?
"Sitaki."
Nitakuuliza sababu?
"Huniulizi."

Jumamosi ya Juni, ukungu ukang'ang'ania misindano hadi saa nne.
Wametoka Njombe, wametoka Makambako,
mmoja wa Iringa mjini kavaa kama anakwenda mwezini.
Magunia ya maranda kila kona.
Nesi Kikoti na sanduku lake, anafuma soksi,
na sote tunaomba soksi ile imalizike leo.

Injini sita. Bendera hewani.

Kisha mkono,
mdogo, ndani ya glovu ya bustani.

Mgaya karuka kamba: "Shusha! Shusha huo mkono!"
Mwenye spika akatia utani, watu wakacheka.
Nilizima injini, nikainama, na mdomo wangu
ukauliza nilichoahidi kutouliza.
"Sijui, mjomba," alisema. "Tumbo."
Nikafungua mkanda.

Usiku ule, kwa tochi, nilikagua kila nati
nikitafuta kosa la kumwonyesha baba yake.
Sikupata. Mnyororo mzima, breki inauma vizuri.
Nililala vibaya.
Yeye alikuwa ameshinda juu ya magunia,
mahindi ya kuchemsha mkononi,
akimshangilia mtoto wa Njombe mpaka sauti ikakauka.

Mgaya hakunisemesha hadi Jumanne.
Jumanne alikuja na penseli ya fundi sikioni,
akamsimamisha binti kwenye mlango wa stoo,
akachora mstari juu ya nywele.
Akaushika ule mstari kwa kidole, muda mrefu,
kama anayesoma barua.

Sasa kigari kiko mle ndani.
Kuku wa shemeji ya jirani ameatamia kwenye ndoo.
Juzi nilitaka kuhesabu mayai.
Twilumba akatoka nyuma ya mbao,
mkono juu.

Nikasimama.